Damu kwenye choo cha mtoto si amiba kila mara

Kila Januari wazazi wa Dar es Salaam humiminika Kariakoo kununua sare za shule. Kaptura, sketi, sweta na viatu hutandazwa mpaka barabarani, na muuzaji mzoefu hahangaiki na futi. Humtupia mtoto jicho moja, akachomoa saizi inayozidi ile ya mwaka jana, kwani anajua mtoto wa miaka 10 au 11 hakai na nguo moja mwaka mzima. Mzazi ambaye mwaka huu hakununua kitu, kwa kuwa kaptura ya darasa la tatu bado inamkaa vizuri mwanawe aliyeingia la tano, hushukuru kwamba ameokoa fedha.

Mzazi huyo ndiye tunayesema naye leo. Kaptura isiyombana mtoto baada ya miaka miwili ni sababu tosha ya kumpeleka hospitali. Na ikiwa mtoto huyo hulalamikia tumbo, huamka usiku kwenda chooni, au amewahi kutoa choo chenye damu na kamasi, basi upo uwezekano kwamba utumbo wake unaharibika siku hadi siku huku nyumbani akimezeshwa dawa za amiba.

Ugonjwa tunaouzungumzia ni mchochota sugu wa utumbo. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huanza kuushambulia utumbo wa mwenyewe na haikomi. Hauambukizi. Hautokani na uzembe wa mama, wala mtoto hakurogwa. Una sura mbili. Ya kwanza ni ugonjwa wa Crohn, uliobeba jina la Burrill Crohn, daktari wa Hospitali ya Mount Sinai mjini New York, ambaye mwaka 1932 aliuandika pamoja na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer. Ya pili ni kolaitisi ya vidonda, ambayo daktari Samuel Wilks wa London alikwisha kuieleza tangu 1859. Crohn hushika popote kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa, ukiruka hapa na kutua pale, na hula unene wote wa ukuta wa utumbo. Kolaitisi hukaa kwenye utumbo mpana. Huanzia mwisho wake na kupanda bila kuacha nafasi, ikichubua utando wa ndani. Duniani, takriban robo ya wagonjwa hawa hugundulika kabla hawajatimiza miaka 20.

Kwa nini basi jina la ugonjwa huu halisikiki mitaani kwetu? Sehemu ya jibu iko hapa hapa Afrika Mashariki. Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1960 kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika. Baadaye aliungana na Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, na wawili hao wakaishawishi dunia kwamba mlo wenye nyuzinyuzi nyingi, wa nafaka zisizokobolewa, ndizi, maharage na mboga, unamkinga Mwafrika na magonjwa mengi ya utumbo yanayowasumbua Wazungu. Walikuwa watu makini na waliyaona waliyoyaona. Hata hivyo, miaka hiyohiyo ya 1960 madaktari waliokuwa Uganda waliripoti Waafrika wenye kolaitisi ya vidonda. Ripoti hiyo ilisahaulika, ile kauli ya "huu ni ugonjwa wa Wazungu" ikabaki. Daktari aliyefundishwa kwamba kitu hakipo hatakitafuta.

Dunia ya Trowell na Burkitt imekwisha. Gilaad Kaplan wa Chuo Kikuu cha Calgary, Canada, ambaye amefuatilia mwenendo wa ugonjwa huu duniani, anaeleza kwamba huingia nchi kwa hatua. Huanza kwa wagonjwa wa kuhesabika, kisha idadi hupaa kadiri miji inavyokua na watu wanavyobadili chakula na maisha, na mwisho wagonjwa hurundikana kwa kuwa ni ugonjwa wa maisha usioua haraka. Uchunguzi uliofanyika jimbo la Ontario na kuchapishwa 2015 ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa huko na wazazi wahamiaji, wakiwamo waliotoka Afrika kusini mwa Sahara, walikuwa katika hatari inayokaribiana na ya watoto wa wenyeji. Damu ya Kiafrika haikuwakinga. Kilichokuwa kikiwalinda wazazi wao kilibaki walikotoka.

Na huku walikotoka nako hakujabaki kama kulivyokuwa. Sensa ya 2022 iliihesabia Dar es Salaam watu 5,383,728. Mtoto wa Gerezani au Jangwani anaamkia chai na andazi, saa nne anakula chipsi, mchana soda na biskuti, jioni tambi. Hatusemi chipsi ndizo zinazoleta Crohn. Ugonjwa hutokana na mchanganyiko wa mambo: urithi, vijidudu wanaoishi tumboni na mazingira ya mtoto tangu anapozaliwa. Lakini vyakula vya viwandani vilivyosindikwa sana vimehusishwa nao. Antibayotiki za utotoni zimehusishwa nao pia, na hizo mjini kwetu zinanunuliwa kama pipi.

Simama dakika chache mbele ya duka la dawa katikati ya Kariakoo, saa kumi na moja jioni, akina mama wanapofunga meza zao. "Mtoto anaharisha, kuna na damu kidogo." Anayeuza haulizi mtoto ana umri gani wala ameanza lini. Anahesabu vidonge, anavitia kwenye kibahasha cha karatasi, anaandika 1x3 kwa kalamu ya wino, anapokea fedha. Ni Flagyl, dawa ya amiba. Pengine ataongeza antibayotiki ya pili na dawa ya minyoo. Mtoto atapata nafuu siku ya tatu au ya nne, na mama atamsifu muuzaji kwa majirani.

Nafuu hiyo ndiyo mtego wenyewe. Mchochota wa utumbo una tabia ya kuamka na kutulia wenyewe, hasa mwanzoni. Zaidi ya hapo, Flagyl yenyewe huweza kuupooza Crohn kwa muda bila kuutibu. Kwa hiyo mzazi anaona dawa imefanya kazi, na damu ikirudi baada ya wiki sita anarudi dukani palepale kununua ileile. Mara ya tatu anaambiwa amiba ni sugu. Mara ya nne anaambiwa ni taifodi. Mara ya tano bibi anasema ni mchango, na anatafutwa mzee wa mizizi.

Hatumlaumu mama huyo, na muuzaji hatumlaumu kwa mara ya kwanza. Amiba ipo. Ugonjwa wa kuhara damu unaoletwa na bakteria upo, minyoo ipo, na kipindupindu cha 2015 kilichoanzia jijini hakuna aliyekisahau. Masika ikinyesha na chemba zikafurika, kila anayeharisha anafikiriwa kuwa amekula uchafu, na mara nyingi ni kweli. Watoto wengi wanaotoa damu katika mitaa hii wana maambukizi ya kawaida na watapona. Tunacholalamikia ni mara ya pili, ya tatu na ya nne, pale ambapo hakuna aliyewahi kupima choo hata siku moja.

Taifodi nayo ina hadithi yake. Kipimo cha Widal, ambacho zahanati nyingi hukitegemea, huonyesha tu kwamba mwili umewahi kukutana na vijidudu vya aina hiyo. Utafiti uliofanyika kwa watoto waliolazwa hospitalini Muheza, mkoani Tanga, na kuchapishwa 2010 ulionyesha kwamba wengi wa waliopata majibu chanya ya Widal hawakuwa na taifodi. Kipimo hicho kilikuwa na maana zaidi kikisema hakuna ugonjwa kuliko kikisema upo. Leo hii mtoto anaweza kukusanya vyeti vitatu vya "taifodi na UTI" kwa mwaka mmoja huku ugonjwa halisi ukiwa haujatajwa.

Sasa tueleze kinachoendelea ndani wakati vibahasha vinapishana, kwa sababu hapa ndipo uharaka wa jambo hili ulipo.

Mwanzoni kuna uvimbe na wekundu katika utando wa utumbo. Kwa Crohn, mahali unapopenda kuanzia ni pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana, chini ya tumbo upande wa kulia. Mtoto anaumwa baada ya kula, basi anajifunza kula kidogo. Nyumbani wanasema anadeka, au anachagua chakula. Si lazima aharishe. Wapo watoto wa Crohn ambao choo chao ni cha kawaida kabisa na wanachoonyesha ni kukonda, homa za hapa na pale, vidonda vya mdomoni visivyokwisha, na uso uliopauka kwa upungufu wa damu. Wengine huanza na magoti na vifundo vya miguu kuvimba, au macho kuwa mekundu na kuuma, na hupelekwa kwa daktari wa macho bila mtu kukumbuka kuuliza habari za tumbo.

Katika hatua hii ugonjwa bado ni uvimbe. Ukitulizwa, utando hupona, na utumbo hurudi kuwa utumbo. Usipotulizwa, mwili hujaribu kujiziba wenyewe kwa makovu. Kila wimbi la uvimbe linaacha kovu, ukuta unanenepa, njia inasinyaa, mpaka chakula kinapita kama maji katika mpira uliokanyagwa. Mtoto sasa anatapika, tumbo linajaa na kunguruma, na siku moja linaziba kabisa. Kwa wengine ukuta hutoboka polepole: usaha unajikusanya katikati ya tumbo, au inajichimba njia isiyostahili kuwepo kutoka utumbo mmoja hadi mwingine, kwenye kibofu, au nje kwenye ngozi. Hiyo ni fistula. Kovu halirudishwi nyuma na kidonge chochote. Hapo kinachobaki mara nyingi ni kisu, na kisu hakiuondoi Crohn. Mara nyingi hurudi karibu na mahali palipoungwa.

Kolaitisi ya vidonda ina njia yake. Kwa mtu mzima inaweza kubaki miaka mingi katika kipande kidogo cha mwisho. Kwa mtoto sivyo. Wengi wao, siku wanapogundulika, utumbo mpana wote au karibu wote umeshashikwa. Mtoto huenda chooni mara sita, nane, kumi kwa siku, damu ikiwa nyingi kuliko choo, na huamshwa usiku na tumbo. Kinachotisha zaidi ni wimbi kali la ghafla: homa, moyo kwenda mbio, tumbo kuvimba, na utumbo mpana kutanuka hadi kukaribia kupasuka. Huo ni ugonjwa wa kulazwa saa hiyohiyo, dawa za kupitia mshipa, na daktari mpasuaji akae karibu. Mtoto aliyefika hatua hiyo akapewa kibahasha kingine na kurudishwa nyumbani anaweza kufa.

Kuna pia hesabu ya miaka. Kolaitisi iliyoenea, na Crohn wa utumbo mpana, vikikaa miaka minane hadi kumi huanza kuongeza hatari ya saratani ya utumbo. Aliyeanza kuugua akiwa na miaka 10 anaingia katika hatari hiyo akiwa na miaka 20, umri ambao hakuna daktari anayewaza saratani ya utumbo kwa kijana. Aliyegundulika mapema atakuwa anachunguzwa kwa kamera kila baada ya muda. Ambaye hakugundulika hatakuwa na wa kumchunguza.

Lakini kati ya yote, linalotuuma zaidi ni urefu. Mwili wenye mchochota hutumia chakula kidogo kinachoingia kupigana na wenyewe, na kemikali za uvimbe huzuia homoni ya ukuaji isifanye kazi. Mtoto haachi kurefuka tu. Kubalehe nako kunachelewa. Wenzake wanaota ndevu, wasichana wenzake wanavunja ungo, yeye anaonekana wa darasa la nne. Mifupa inakuwa dhaifu. Na mifupa ina muda wake wa kufunga. Ugonjwa ukitulizwa kabla ya hapo, mtoto huweza kufidia sentimita alizopoteza. Baada ya hapo hazirudi. Miaka miwili ya kibahasha kwa mtoto wa miaka 11 ni miaka aliyoibiwa katika kimo chake cha utu uzima.

Nani angeona hilo? Mtoto mchanga wa Tanzania ana kadi ya kliniki. Hupimwa uzito, mstari unachorwa, mstari ukilala nesi anamhoji mama. Ni mojawapo ya mambo ambayo nchi hii inayafanya vizuri. Kadi hiyo huishia miaka mitano. Sera ya Afya ya 2007 nayo ilitoa matibabu bila malipo kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mchochota wa utumbo kwa watoto wengi hujitokeza wakikaribia au wakiwa katika balehe, yaani baada ya mizani kuwekwa kabatini na msamaha wa malipo kukoma. Ongeza kwamba uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika nchi yenye udumavu mkubwa kiasi hicho, mtoto mfupi hamshtui mtu. Huambiwa ni wa ukoo, au halishwi vizuri, na kesi inafungwa.

Lipo jambo jingine ambalo familia hulificha, na tunalitaja kwa sababu kimya kinaumiza watoto. Crohn hupenda kutokea kuzunguka njia ya haja kubwa: mipasuko isiyopona, vinyama, jipu linalopasuka na kurudi, tundu linalotoa usaha. Mzazi hudhani ni bawasiri. Madaktari katika nchi mbalimbali wameandika kesi ambazo vidonda hivyo vilidhaniwa kuwa alama za ulawiti kabla ya Crohn kugundulika. Tunaomba tueleweke vizuri: dalili za ukatili kwa mtoto lazima zichunguzwe kila mara, na mtoto asikilizwe. Tunachosema ni kwamba daktari anayemchunguza mtoto mwenye vidonda hapo apime pia uzito, urefu na choo chake, na mzazi asimfungie ndani kwa kuogopa maneno ya watu.

Shuleni mtoto huyu anateseka kivyake. Anaomba ruhusa mara tatu katika kipindi kimoja, mwalimu anamwona mtoro. Wenzake wanamcheka. Watoto wa namna hii hujifunza kutokula chochote asubuhi ili wasilazimike kwenda chooni shuleni, na hivyo kukonda kunaongezeka. Walimu wa mjini, ninyi mnakaa na watoto wetu saa nyingi kuliko sisi. Anayeomba ruhusa kila siku si mtukutu, ni mgonjwa, na mzazi wake aitwe.

Tunajua kugundua ugonjwa huu si kazi nyepesi, na kuna mtego wa upande wa pili. Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani, na kifua kikuu cha utumbo hufanana na Crohn kwa karibu kila kitu: mahali kinapokaa, homa, kukonda, hata kinavyoonekana kwenye kamera. Dawa zinazotuliza Crohn hupunguza kinga. Mwenye kifua kikuu akipewa hizo, anaweza kuangamia. Mwenye amiba akipewa prednisoloni, mojawapo ya dawa hizo, kwa kukisia, utumbo wake unaweza kutoboka. Kwa hiyo tunaposema watoto wasilishwe Flagyl kwa kubahatisha, hatusemi walishwe dawa za Crohn kwa kubahatisha. Tunasema wapimwe. Kwanza choo chenyewe, kwa ajili ya vijidudu. Kisha damu, kuona upungufu wa damu na alama za uvimbe, na kipimo cha VVU. Kipo kipimo cha choo kinachoitwa kalprotekitini, ambacho huonyesha kama kuna uvimbe ndani ya utumbo na kusaidia kuamua nani apelekwe kwenye kamera. Mwisho ni kamera yenyewe, ya juu na ya chini, na kuchukua vinyama vya kupeleka maabara. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita, na zaidi kwa mchanga, daktari anatakiwa awaze pia kasoro za kuzaliwa za kinga ya mwili.

Dawa zipo. Salfasalazini, prednisoloni na azathioprini ni dawa za siku nyingi na bei zake si za kutisha, ingawa prednisoloni haitakiwi kukaa muda mrefu, maana nayo huzuia mtoto kurefuka. Kwa mtoto mwenye Crohn, tiba ya kwanza inayopendekezwa na wataalamu wa watoto ni chakula maalumu cha maji chenye virutubisho vyote, kinachotumika peke yake kwa wiki sita hadi nane. Hutuliza ugonjwa bila kudhuru kimo. Huo si uji wa lishe wa dukani, na gharama yake ni kubwa. Kwa wenye ugonjwa mkali kuna sindano za kuzuia TNF, mojawapo ya kemikali za uvimbe, kama infliksimabu na adalimumabu, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Mtoto apimwe kifua kikuu kabla ya kuzianza.

Kutoka soko la Kariakoo hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili, Upanga, ni kama kilomita mbili. Jirani na soko ipo Mnazi Mmoja, na Amana iko upande wa Ilala. Hatuzungumzii kijiji kisichofikika kwa barabara. Tunazungumzia watoto wanaoishi katikati ya jiji, karibu na hospitali kubwa kuliko zote nchini, ambao wanaweza kutumia miaka kuvuka kilomita hizo mbili kwa sababu kila kituo cha njiani ni duka lenye jibu la haraka, na kwa sababu kamera, vinyama na dawa ni vya kulipia. Toto Afya Kadi, bima ya watoto iliyokuwa ikilipiwa Sh50,400 kwa mwaka, ilikuwa tegemeo la wafanyabiashara wadogo wa mitaa hii. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, wazazi wakaelekezwa kusajili watoto kupitia shule. Novemba mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria hiyo itapimwa kwa mambo kama haya: kama mama muuza mboga wa Kariakoo ataweza kumfikisha mwanawe kwenye kamera bila kuuza genge lake.

Kwa hiyo tunasema wazi tunachokitaka. Wizara ya Afya na Tamisemi ziirudishe mizani shuleni. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi apimwe uzito na urefu angalau mara moja kwa mwaka, namba ziandikwe, na aliyeacha kurefuka apelekwe kituo cha afya. Shule za Ilala zinaweza kuanza muhula ujao. Kinachohitajika ni mizani, futi ukutani na daftari. Baraza la Famasi liwakumbushe wenye maduka ya dawa kwamba mtoto aliyerudi na damu kwenye choo kwa mara ya pili hauziwi kidonge, anaelekezwa akapimwe. Wanaopanga kitita cha bima waweke kalprotekitini, kolonoskopi ya mtoto na dawa za kutuliza ugonjwa huu ndani ya kitita hicho, na Bohari ya Dawa ihakikishe dawa hizo hazikatiki, kwani kukatika kwake kunaweza kuamsha wimbi jipya. Hospitali ya Muhimbili na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili waanzishe daftari la kitaifa la watoto hawa, ili 19 Mei ya kila mwaka, siku ambayo dunia huukumbuka ugonjwa huu, Tanzania nayo iwe na la kusema kuhusu watoto wake.

Nawe mzazi usingoje hayo yote. Msimamishe mwanao ukutani leo, weka alama, andika tarehe, na baada ya miezi sita mpime tena. Akitoa damu, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, ukiwa na choo chake kwenye kikopo safi. Akiharisha zaidi ya wiki nne, akikonda, au akiamka usiku kwa ajili ya tumbo, usipite dukani. Na ukiandikiwa Flagyl kwa mara ya tatu bila choo kupimwa, mwambie daktari kwa adabu kwamba unaomba barua ya rufaa, na usiondoke bila hiyo barua.